Mkono wa TCP katika takwimu za trafiki ya mtandao

Chukua kiungo cha gigabiti 1 kwa sekunde. Mfumo wa ufuatiliaji unasoma kaunta zake kila baada ya dakika 5 na kuchora mstari mtulivu karibu na asilimia 30. Kwa macho ya mchoro huo, kiungo kimelala. Lakini kaunta ya pakiti zilizotupwa kwenye swichi inapanda, na watumiaji wanalalamika kwamba mambo yanakwama. Kamata pakiti zenyewe, zigawe katika vipande vya milisekunde 1, na sura inageuka: vipande vingi ni vitupu, vichache vimejaa hadi pomoni, na hivyo vilivyojaa vinajirudia kwa mpigo unaoweza kuupima. Mpigo huo hakuupanga mtumiaji wala programu aliyoifungua. Umepangwa na itifaki ya usafirishaji, mara nyingi TCP.

Ili usipotee katika yanayofuata, shika jambo moja: muda wa mzunguko, yaani muda wa pakiti kwenda na uthibitisho wake kurudi. Huo ndio mpaka. Chini ya muda wa mzunguko, karibu kila unachokiona katika takwimu ni kazi ya TCP. Juu yake, wanaotawala ni watu na ukubwa wa mafaili yao, ingawa hata huko TCP ndiyo inayobeba ujumbe. Na kuna hali moja mbaya ambamo TCP huvuka mpaka huo na kuanza kuandika takwimu za dakika nzima. Tutaifikia.

Urithi wa simu

Mwaka 1909 A. K. Erlang, mwanahisabati wa kampuni ya simu ya Copenhagen, alionyesha kwamba simu zinazoingia kituoni hufuata mgawanyo wa Poisson: kila simu huanza bila kujali nyingine zimeanza lini. Modeli hiyo ina raha moja kwa mhandisi, nayo ni kwamba ukijumlisha, mambo yanatulia. Hesabu matukio kwa kila milisekunde 1, kisha chukua wastani wa makundi ya vipande 100. Varianzi (wastani wa mraba wa umbali wa kila kipimo kutoka kwenye wastani) inashuka mara 100. Rudi nyuma vya kutosha na mstari unanyooka. Bafa ndogo (kumbukumbu ya swichi ambamo pakiti hungoja zamu) inatosha na kila mtu analala usingizi.

Mitandao ya data ilirithi hesabu hiyo bila kuihoji sana, mpaka vipimo vya mtandao wa Ethernet wa Bellcore, kampuni ya utafiti wa simu nchini Marekani, vilivyokusanywa kati ya Agosti 1989 na Februari 1992, vilipochambuliwa. Leland, Taqqu, Willinger na Wilson walichapisha matokeo mwaka 1993: mchoro wa trafiki uliojumlishwa kwa sekunde nyingi ulikuwa na milima na mabonde yaleyale yaliyoonekana kwenye mchoro wa milisekunde. Sifa hiyo huitwa kujifanana. Kipimo chake ni namba H, inayotokana na jina la Harold Hurst, aliyechunguza maji ya Mto Nile na kuona kwamba miaka ya maji mengi huja kwa misururu mirefu kuliko bahati peke yake inavyoweza kueleza. H ya 0.5 maana yake trafiki haina kumbukumbu. Ya Bellcore ilikaa juu zaidi, mara nyingi karibu na 0.8 au 0.9.

Tofauti hiyo ina uzito wa vitendo. Kwa H ya 0.8, ukijumlisha makundi ya vipande 100 varianzi haishuki mara 100. Inashuka mara 6.3 tu. Mikupuo haifutiki kwa kuitazama kwa mbali, na bafa uliyoipima kwa Poisson itafurika.

Mwaka 1995 Paxson na Floyd walitenganisha mambo mawili yaliyokuwa yamechanganywa. Wakati ambao mtu anaanza kikao cha kazi bado unafuata Poisson vizuri, mradi uchukue saa moja moja badala ya siku nzima. Kinachokataa Poisson ni pakiti zilizomo ndani ya kikao. Kwa maneno mengine, binadamu huja ovyo kama zamani, lakini kinachotokea baada ya kubofya hakina uovyo huo.

Mafaili yana mkia, TCP inaubeba

Chanzo cha H kubwa kilipatikana katika ukubwa wa mafaili. Mafaili mengi ni madogo, lakini machache ni makubwa kupita kiasi, na hayo machache yanabeba sehemu kubwa ya baiti zote. Huu ndio mgawanyo wenye mkia mzito, ambao uzito wake hupimwa kwa namba α. Ikiwa α iko kati ya 1 na 2, wastani upo lakini varianzi ya kinadharia haina kikomo. Ukijumlisha vyanzo vingi ambavyo vipindi vyao vya kutuma vina mkia wa namna hiyo, H inakuwa (3 − α) ÷ 2. Kwa α ya 1.2, H ni 0.9.

Angalia neno lililojipenyeza hapo: vipindi. Fomula inazungumzia muda, si baiti. Nani anageuza baiti kuwa muda?

Hilo ndilo swali ambalo Park, Kim na Crovella walilifanyia majaribio mwaka 1996. Walituma mafaili yenye mkia mzito juu ya usafirishaji unaohakikisha data inafika na unaodhibiti kasi, kisha wakalinganisha na UDP isiyodhibitiwa, itifaki inayotuma tu bila kungoja uthibitisho. Juu ya TCP, mkia wa mafaili ulitokea kwenye kiungo kama ulivyo. Juu ya UDP isiyo na udhibiti, trafiki ilibaki ya vurugu katika vipindi vifupi, lakini kumbukumbu ndefu ilififia sana.

Sababu yake si ngumu ukiifuata faili moja. TCP huliminya faili lipite kwenye nafasi iliyopo. Faili kubwa mara 100 litachukua muda wa karibu mara 100, kwa hiyo mkia wa baiti unageuka kuwa mkia wa sekunde. Mtumaji wa UDP asiye na breki anamwaga faili lote kwa kasi ya kadi yake ya mtandao. Kinachozidi uwezo wa foleni kinatupwa na hakuna anayekirudisha. Kinachovuka ni mkupuo mfupi, na mkia umekatwa njiani. Kwa hiyo mtu anayesema kujifanana ni sifa ya mafaili peke yake amesema nusu ya jambo.

Chini ya muda wa mzunguko

Sasa tusogee karibu, mahali ambapo TCP haibebi ujumbe wa mtu bali inaandika wa kwake.

Muunganisho mpya hauijui njia. Unaanza na dirisha dogo, yaani kiasi cha data kinachoruhusiwa kuwa njiani bila kuthibitishwa, kisha unaongeza dirisha hilo mara mbili kila mzunguko. RFC 6928, waraka wa kiufundi wa intaneti wa mwaka 2013, ilipendekeza kuanza na segimenti 10 (segimenti ni kipande cha data kinachobebwa na pakiti moja), na mifumo mingi leo hufanya hivyo. Utaratibu huu huitwa mwanzo wa polepole, ingawa upole wenyewe ni wa jina tu.

Tuhesabu. Segimenti moja ni baiti 1,460. Faili la baiti 100,000 ni segimenti 69. Zitatoka 10, kisha 20, kisha 39 zilizobaki: mizunguko mitatu. Muda wa mzunguko ukiwa milisekunde 100 na seva ikiwa kwenye kiungo cha gigabiti 1, pakiti 10 za kwanza zinatoka kwa mikrosekunde 120, halafu kimya cha karibu milisekunde 100, halafu 20, kimya, halafu zilizobaki. Wastani wa kutuma faili hilo ni kama megabiti 4 kwa sekunde, lakini hakuna hata mara moja kiungo kilipobeba megabiti 4 kwa sekunde. Kilikuwa ama gigabiti 1 au sifuri. Kwa kuwa mafaili mengi ya wavuti ni ya ukubwa huu au chini yake, sehemu kubwa ya miunganisho huanza na kufa ndani ya mwanzo wa polepole, na mikupuo hii ndiyo inayojaza bafa za swichi huku mchoro wa dakika 5 ukionyesha asilimia 30.

Faili likiwa refu zaidi, saa nyingine inashika hatamu. Kila segimenti ikifika, mpokeaji hurudisha risiti, yaani pakiti ndogo ya kuthibitisha, na kila risiti inamruhusu mtumaji kutoa data mpya. Tuseme kiungo chembamba kuliko vyote njiani ni cha megabiti 10 kwa sekunde. Pakiti ya baiti 1,500 inahitaji milisekunde 1.2 kupita hapo. Kwa hiyo pakiti zinatoka upande wa pili zikiachana kwa milisekunde 1.2, risiti zinarudi kwa mwachano huohuo, na mtumaji anajikuta anapiga kwa mdundo wa kiungo ambacho hajawahi kukiona. Chora histogramu ya nafasi kati ya pakiti na utaona kilele chembamba kwenye 1.2. Ni njia nzuri ya kukadiria kasi ya kiungo chembamba bila kugusa chochote, na pia ni ushahidi kwamba modeli yoyote inayochukulia nafasi hizo kuwa huru inakosea.

Wapokeaji wengi hawatoi risiti kwa kila segimenti. Hutoa moja kwa kila segimenti mbili. Hapo mwachano wa risiti unakuwa milisekunde 2.4, na kila risiti inaachia pakiti mbili zilizoshikana. Wakati wa mwanzo wa polepole, kwa kuwa dirisha linakua, huweza kuachia nne. Ndiyo maana hata trafiki iliyotulia hutembea kwa vijikundi.

Mdundo huu unaharibika risiti zikikutana na foleni njiani kurudi. Risiti yenye mihuri ya muda ni baiti 52. Zikijipanga nyuma ya data ya upande wa pili kwenye kiungo kilekile cha megabiti 10, zitatoka zimebanana, moja kila mikrosekunde 42 badala ya kila milisekunde 2.4. Mtumaji anazisoma kama ruhusa za mfululizo na kumwaga mkupuo ambao njia haiuwezi. Ukiona upotevu kwenye kiungo ambacho upande wa kutuma hauna msongamano wowote, tazama upande wa kurudi kwanza.

Ukubwa wa pakiti nao una sahihi ya TCP, ingawa hapa hakuna la kushangaza: vilele viwili, kimoja karibu na 1,500 na kingine kati ya 40 na 52. Uwiano wa 2 kwa 1 kati ya data na risiti ulikuwa wa kutegemewa zamani. Siku hizi kadi za mtandao na kernel (kiini cha mfumo endeshi) huunganisha segimenti kadhaa kabla ya kuzipeleka juu, hivyo risiti zimepungua na uwiano huo usiutegemee.

Kuunganisha huko kuna upande wa kutuma pia. Kipengele kiitwacho TSO huruhusu kernel kuikabidhi kadi fungu la hadi kilobaiti 64, nayo kadi ikalikata kuwa segimenti zipatazo 44 na kuzitoa bila pumzi. Dawa ni kutuma kwa mpangilio wa muda: badala ya kusukuma dirisha lote kwa mkupuo, mtumaji anazigawa pakiti zake juu ya mzunguko mzima. Segimenti 10 kwa milisekunde 100 zitatoka moja kila milisekunde 10. Wastani ni uleule, faili linamalizika karibu wakati uleule, lakini varianzi ya vipindi vya milisekunde inaanguka vibaya sana. Hakuna badiliko jingine la itifaki lenye athari kubwa hivyo kwenye mchoro wa vipindi vifupi.

Meno ya msumeno

Oktoba 1986, njia kati ya maabara ya Lawrence Berkeley na chuo kikuu cha California, Berkeley, umbali wa yadi 400, ilishuka kutoka kilobiti 32 kwa sekunde hadi biti 40 kwa sekunde. Mara 800. Watumaji walikuwa wakirudia pakiti ambazo bado zilikuwa kwenye foleni, na kila marudio yalirefusha foleni. Van Jacobson aliandika tiba mwaka 1988: pakiti ikipotea, punguza dirisha, mambo yakienda vizuri, ongeza kidogo kidogo.

Tiba hiyo huacha alama yake kwenye grafu. Katika TCP Reno, toleo la zamani la TCP, dirisha hukatwa nusu kila upotevu unapogunduliwa, kisha huongezeka segimenti 1 kila mzunguko. Kwa njia ya megabiti 100 kwa sekunde yenye mzunguko wa milisekunde 100, data inayotosha kuijaza ni megabaiti 1.25, sawa na pakiti 833. Ikikatwa nusu hadi 417, Reno itahitaji mizunguko 416 kurudi ilipokuwa: takriban sekunde 42 kwa jino moja la msumeno. CUBIC, toleo ambalo limekuwa chaguo la kawaida la Linux tangu mwaka 2006, hushusha dirisha hadi asilimia 70 tu na kupanda kwa mchirizo wa kipeo cha tatu unaofuata saa ya ukutani badala ya mizunguko. Kwa dirisha lilelile la pakiti 833 hurudi kileleni baada ya kama sekunde 8.5. Kwa hiyo mtandao uleule, mafaili yaleyale na watu walewale vitatoa wimbi la sekunde 42 au la sekunde 8.5 kutegemea toleo la kernel lililo kwenye seva.

Kutoka kwenye umbo la msumeno unapata pia fomula ambayo Mathis na wenzake waliichapisha mwaka 1997: kasi ya wastani ni ukubwa wa segimenti ukigawanywa kwa muda wa mzunguko, mara 1.22, ukigawanywa kwa kipeuo cha pili cha kiwango cha upotevu. Segimenti ya baiti 1,460, mzunguko wa milisekunde 100 na upotevu wa asilimia 1 vinatoa megabiti 1.4 kwa sekunde, hata kama umelipia kiungo cha gigabiti 10. Upotevu ukishuka hadi asilimia 0.01, unapata 14. Fomula ni ya Reno. CUBIC kwenye njia ndefu na za kasi hufanya vizuri zaidi. Lakini kwa kukagua haraka kama malalamiko yana msingi, bado inafaa.

Mikondo mingi (yaani miunganisho inayotuma data) ikikutana kwenye foleni moja inayotupa pakiti pale tu inapojaa, jambo baya hutokea. Foleni ikifurika, karibu wote hupoteza pakiti ndani ya mzunguko uleule, wote hukata madirisha kwa pamoja, kiungo kinabaki nusu tupu, kisha wote hupanda pamoja. Takwimu zitaonyesha wimbi safi la kupanda na kushuka, na mtu asiyejua atalitafutia sababu kwenye ratiba za programu. Floyd na Jacobson walipendekeza RED mwaka 1993 kwa ajili hiyo: tupa pakiti chache kwa bahati nasibu kabla foleni haijajaa, ili kila mkondo ushtuke kwa wakati wake.

Penye maelfu ya mikondo yenye mizunguko tofauti, meno hayo hufutana yenyewe. Hilo ndilo lililowapa Appenzeller, Keslassy na McKeown hoja yao ya mwaka 2004. Kanuni ya zamani ilitaka bafa sawa na kasi mara muda wa mzunguko. Kwa gigabiti 10 na milisekunde 250 ni gigabiti 2.5. Wao walionyesha kwamba, kwa mikondo n mirefu isiyopanda na kushuka kwa pamoja, unaweza kugawanya kwa kipeuo cha pili cha n. Kwa mikondo 50,000 hiyo ni kama megabiti 11. Ila usiinakili hesabu hii kwenye kiungo cha ofisi chenye mikondo 5. Hapo meno hayafutani, na kipeuo cha pili cha 5 hakitakuokoa.

BBR, njia nyingine ya kudhibiti msongamano iliyotolewa na Google mwaka 2016, haina msumeno huu. Toleo lake la kwanza hukadiria kasi ya kiungo chembamba na kutuma kwa mpangilio wa muda kulingana nayo. Kila mizunguko 8 huongeza kasi kwa asilimia 25 katika mzunguko mmoja, hushusha kwa asilimia 25 katika unaofuata, kisha hutulia kwa 6. Isipopata muda wa mzunguko ulio mfupi zaidi kwa sekunde 10, hupunguza dirisha hadi pakiti 4 kwa angalau milisekunde 200 ili foleni imwagike. Mashimo mafupi yanayojirudia kila baada ya kama sekunde 10 kwenye mchoro wako si hitilafu. Na yakitokea kwa mikondo mingi kwa pamoja, si bahati mbaya pia, kwa sababu BBR imebuniwa ili mikondo ijipange kumwaga foleni wakati mmoja.

Pale TCP inapovuka mpaka

Kupoteza pakiti moja katikati ya dirisha kunatibika ndani ya mzunguko mmoja, kwa kuwa risiti za pakiti zilizofuata humwambia mtumaji kuna pengo. Ikipotea pakiti ya mwisho, au dirisha zima, hakuna risiti ya kumwambia kitu. Anangoja saa yake iishe, na ikiisha anatuma tena. Ikipotea tena anangoja mara mbili ya hapo, kisha mara nne, kisha mara nane.

Tuseme kila jaribio lina uwezekano p wa kupotea. Uwezekano wa kushindwa mara k mfululizo ni p mara yenyewe k, na kungoja kunakotokana na hapo ni 2 mara yenyewe k. Ukiweka hizo mbili pamoja, muda wa kimya unakuwa na mkia mzito wenye α sawa na hasi ya logi ya p katika kizio cha 2. Kwa p ya 0.25, α ni 2. Kwa p ya 0.5, ni 1. Katikati ya hizo umeingia eneo lilelile la kujifanana bila faili hata moja kubwa. Guo, Crovella na Matta walilieleza jambo hili mwaka 2001, wakaliita kujifanana kwa bandia, kwa sababu kurudufisha kungoja kuna dari: ukianzia sekunde 1 na kuishia 64, mkia unakatika baada ya hapo. Ndani ya masafa hayo, hata hivyo, kipimo cha H hakitajua tofauti. Kiungo chenye upotevu mkubwa kinaweza kukupa H ya 0.8 na kukudanganya kwamba watumiaji wanapakua mafaili makubwa, kumbe wanangoja.

Ndani ya vituo vya data saa hii ina sura nyingine. Seva 40 zikimjibu mteja mmoja kwa wakati mmoja, kila moja na segimenti 10, swichi inapokea karibu kilobaiti 600 kwa mlango mmoja wa gigabiti 1. Kama mlango una bafa ya kilobaiti 256, zaidi ya nusu zinatupwa. Mikondo iliyopoteza mkia wa dirisha lake inangoja milisekunde 200, kiwango cha chini cha kawaida cha Linux. Data yote ingepita kwa milisekunde 4.8, sasa kiungo kinafanya kazi asilimia 2 ya muda huku kila mtu akiapa kwamba mtandao ni mtupu. Na ni kweli ni mtupu.

Kupima bila kujidanganya

Kamata kwa programu ya tcpdump na -s 96 ili kuhifadhi vichwa tu, lakini unapojumlisha baiti tumia urefu wa asili wa pakiti, si urefu uliohifadhiwa. Ukimaliza, soma mstari wa pakiti zilizoachwa na kernel. Kama si sifuri, ongeza bafa kwa -B na urudie, kwa sababu pakiti huachwa hasa wakati wa mikupuo, yaani wakati uleule unaoutafuta.

Kukamata kwenye mashine inayotuma huleta pakiti za baiti elfu kadhaa ambazo hazijawahi kupita kwenye waya. Ni TSO. Ama uizime pamoja na ndugu zake GSO na GRO (ile ya kuunganisha segimenti upande wa kupokea) kwa ethtool -K eth0 tso off gso off gro off, ukikubali kwamba umebadilisha tabia unayoipima, ama, lililo bora zaidi, ukamate kwenye mashine ya pembeni inayolishwa na kioo cha mlango wa swichi, yaani nakala ya trafiki ya mlango huo. Kadi inayokusanya taarifa za pakiti kabla ya kumkatiza prosesa itazipa pakiti kadhaa muda unaokaribiana mno. Usitafsiri nafasi za mikrosekunde chache kabla ya kuangalia mpangilio huo kwa ethtool -c.

Kisha gawa katika vipande vya milisekunde 1, chukua wastani wa makundi ya 10, 100, 1,000 na kuendelea, na chora logi ya varianzi dhidi ya logi ya ukubwa wa kundi. Mteremko wa −1 ni H ya 0.5, mteremko wa −0.4 ni H ya 0.8. Usipitishe mstari mmoja kwenye nukta zote. Tafuta kona: mara nyingi mteremko hubadilika karibu na muda wa mzunguko, na kila upande wa kona una mwandishi wake. Njia ya viwimbi (wavelets) ya Abry na Veitch huionyesha kona hiyo wazi zaidi na haisumbuliwi sana na mwelekeo wa mchana na usiku, ambao kwa njia ya varianzi hupandisha H bila sababu. Kumbuka pia kwamba saa 1 ina vipande 3,600,000, lakini ukifika makundi ya sekunde 100 umebaki na vipimo 36 tu, tena vinavyokumbukana. Nukta hiyo ya mwisho iache.

Kuhesabu kwa aina ya itifaki nako kumepoteza maana yake ya zamani. QUIC, iliyosanifiwa rasmi katika RFC 9000 mwaka 2021, hupita juu ya UDP lakini ina dirisha, risiti na udhibiti wa msongamano kama TCP. UDP kwenye mlango 443 haimaanishi trafiki isiyo na breki. Tena risiti zake zimefichwa kwa usimbaji, kwa hiyo huwezi kuukadiria muda wa mzunguko kwa kulinganisha data na risiti kama ulivyozoea.

Kosa linalogharimu zaidi huja baada ya kupima, pale rekodi inapochezwa upya kwenye maabara. Rekodi ya pakiti ni majibu ya TCP kwa mtandao ule, siku ile. Ukiicheza kwenye kiungo chenye nusu ya kasi, pakiti zitaendelea kuja kwa ratiba ya zamani, foleni itafurika, na utaripoti upotevu ambao haungetokea kamwe, kwa sababu TCP halisi ingekwisha kupunguza mwendo. Ukiicheza kwenye kiungo cha kasi zaidi, utaambiwa kina nafasi tele, ingawa mikondo halisi ingepanuka na kuijaza. Toa kwenye rekodi yale yasiyotegemea mtandao: saa ya kuanza kwa kila ombi, ukubwa wa jibu, muda wa mtumiaji kufikiri. Kisha acha TCP ya kweli izitengeneze pakiti upya.

Kwa kuchelewesha njia, tc netem, zana ya Linux ya kuiga ucheleweshaji, inatosha, ikiwekwa kwenye mashine ya katikati na si kwenye mtumaji. Foleni yake ina kikomo cha pakiti 1,000 usipokibadilisha. Gigabiti 1 kwa milisekunde 100 ni pakiti 8,333 zilizo njiani. Kama GRO imezimwa kwenye mashine hiyo, netem itatupa pakiti kimyakimya na utaona msumeno ambao hukuuomba. Weka limit 20000, endesha jaribio, kisha soma tc -s qdisc uone kama idadi ya zilizotupwa ni ile uliyoikusudia.